Nilimuuza ndama wa kwenye simu, mama yake akamfuata

Nilimuuza ndama saa nne asubuhi.

Kabla ya saa sita mchana mama yake naye alikuwa ameondoka, kamfuata ndama wake kwa mnunuzi. Hakuna aliyemswaga, hakuna aliyekata kamba.

Na zizi lenyewe lilikuwa kwenye mfuko wangu wa suruali.

Usinicheke kwanza. Nisikilize mpaka mwisho, halafu ucheke kwa mpangilio.

Naitwa Nchagwa. Nina kiduka cha steshenari hapa Bomani, Tarime mjini. Natoa kopi, napiga picha za pasipoti, nawajazia watu fomu za ajira ambazo mimi mwenyewe niliomba nikakosa.

Kwa sababu nina kompyuta mbili na miwani, mtaa mzima unaniita Prof. Miwani yenyewe haina namba, niliinunua barabarani elfu tano.

Sasa sisi Wakurya tuna utaratibu wa tangu zamani. Mwenye ng'ombe hawaweki wote zizi moja. Wezi wakija, au ugonjwa ukipita, unaamka huna kitu. Kwa hiyo mmoja unampeleka kwa ndugu, mwingine kwa rafiki, wakutunzie.

Mtunzaji ana haki yake. Maziwa anakunywa, samadi anapeleka shambani. Lakini ng'ombe akizaa, ndama ni wa mwenye ng'ombe. Hiyo haina mjadala, hata mtoto wa darasa la pili anaijua.

Mwaka 2021 shangazi yangu Mokami, dada yake marehemu baba, aliniletea ng'ombe wake mmoja nimtunzie. Yeye anaishi Morotonga, kule Mugumu, na wizi wa mifugo ulikuwa umemchosha.

"Huyu ni wa Happy," akaniambia. "Siku akipata chuo, tunamuuza."

Happy ni binti yake wa mwisho. Wakati ule alikuwa sekondari, mtoto mkimya, muda wote kichwa kwenye simu. Nilimchukulia kama mtu wa kuangalia vichekesho tu.

Ng'ombe hakumaliza hata miezi miwili nikapata fursa. Nikampigia shangazi.

"Shangazi, shikamoo. Nasema hivi, tumuuze ng'ombe, tununue sarafu ya mtandaoni. Inaitwa Tavo."

"Marahaba. Ni mnyama gani huyo?"

"Ni kama ng'ombe, ila anakaa kwenye simu."



"Anakula nini?"

"Bando."

"Wezi?"

"Ana namba ya siri, naijua mimi peke yangu."

Akafikiria. Shangazi hajasoma sana, lakini hajawahi kupunjwa hata debe moja la ulezi, na ulezi wake anauuza mpaka Sirari kwa Wakenya.

"Mura," akaniita, yaani kijana kwa Kikurya, "sheria ni ile ile?"

"Ile ile, shangazi. Chochote atakachozaa ni chako."

Maneno hayo niliyasema kwa kinywa changu. Simu yake ilikuwa kwenye spika na Happy alikuwa pembeni anasikia. Naomba uyakumbuke, maana mimi niliyasahau.

Ng'ombe akauzwa mnadani laki tisa. Nikanunua Tavo mia tatu.

Tangu siku hiyo kila mwisho wa mwezi shangazi akawa ananipigia.

"Ng'ombe wangu hajambo?"

"Hajambo, amenenepa."

"Amezaa?"

"Bado."

Na kweli alinenepa. Ikafika mahali zile Tavo zina thamani ya milioni mbili na kitu. Mimi nikavimba kichwa. Nikawa naingia mgahawani nikisema "sisi wawekezaji" huku nimekopeshwa chai.

Mwaka jana kikanuka.

Ngoja nikueleze taratibu, maana mimi mwenyewe nilielewa nikiwa nimechelewa.

Tavo haina meneja. Ni daftari moja tu la kuonyesha nani ana ngapi, na maelfu ya kompyuta duniani kila moja ina nakala yake. Kila baada ya dakika kumi ukurasa mmoja unajazwa na kufungwa. Ukurasa huo wanauita bloku.

Bloku ina ukubwa wake maalumu. Watu wakizidi, wanapanga foleni, na anayetoa ada kubwa anaandikwa kwanza. Mwaka jana foleni ikawa ndefu mpaka kuhamisha Tavo ya elfu kumi unalipa ada elfu nane.

Ndipo watu wakagawanyika.

Wa kwanza wakasema, tupanue bloku mara nane, wote waenee, ada ishuke.

Wa pili wakasema hapana. Bloku zikiwa kubwa daftari litanenepa, na mwenye kompyuta ndogo na intaneti ya kusuasua hataweza kutunza nakala. Daftari litabaki kwa matajiri wachache, sisi wengine tutaambiwa tuamini tu.

Kwetu jambo likiwa gumu hivyo tunaita iritongo, baraza la ukoo. Wazee wanakaa, wanabishana, hawaondoki mpaka waelewane. Mtandao hauna iritongo. Kila mwenye kompyuta anachagua mwenyewe aendeshe programu ya sheria ya zamani au ya sheria mpya.

Na kompyuta ya sheria ya zamani ikipelekewa bloku kubwa, inaikataa palepale. Kwake ni ukurasa feki.

Kwa hiyo wasipoelewana, daftari linakuwa mawili. Kurasa za nyuma zinabaki zile zile, lakini kuanzia ukurasa fulani kila upande unaandika ya kwake. Kwa Kiingereza wanaita hard fork. Mimi fork niliyokuwa naijua ni ya kulia chipsi.

Je, mimi nilikaa kimya? Thubutu.

Kulikuwa na kundi la Telegram la Watanzania wenye Tavo. Nikaandika: "Mimi Prof Nchagwa wa Tarime natangaza rasmi kuunga mkono bloku kubwa."

Nikasubiri makofi.

Mtu mmoja anayejiita Ulezi77 akanijibu: "Kaka, unaendesha kompyuta yenye nakala ya daftari?"

Nikasema natumia simu.

"Basi kura yako haihesabiki popote. Wanaoamua ni wanaoendesha nakala na wanaofunga bloku. Wewe unapiga makofi nje ya ukumbi."

Watu wakacheka kundi zima. Nikamchukia Ulezi77 kuanzia siku hiyo. Nikajiambia huyu lazima ni kijana wa Dar mwenye dharau.

Hawakuelewana. Ikatangazwa kwamba Jumanne fulani, mchana, daftari linapasuka. Upande wa zamani unabaki Tavo. Upande wa bloku kubwa unaitwa Tavo Pana.

Jumanne nikafunga duka nikakaa na simu. Ilipofika saa tisa na nusu alasiri nikafungua pochi yangu ya mtandaoni.

Tavo: 300.

Tavo Pana: 300.

Nikavua miwani. Nikavaa. Namba zikabaki pale pale.

Kumbe kwa sababu kurasa za nyuma ni zile zile, aliyekuwa na mia tatu kabla ya kupasuka anaonekana ana mia tatu kwenye madaftari yote mawili. Pana ilikuwa na bei ndogo, jumla kama laki nne hivi. Lakini ilikuwepo, imesimama kwa miguu yake.

Ng'ombe alikuwa amezaa.

Na dakika ile ile simu ikaita. Shangazi. Katika miaka yote hiyo hakuwahi kunipigia Jumanne.

"Mura, ng'ombe wangu hajambo?"

"Hajambo, shangazi."

"Amezaa?"

Sijui ni shetani gani aliyenishika ulimi. Labda ni ile printa ya rangi niliyokuwa naiota miaka miwili, wateja wa picha wanavyonikimbia kwenda duka la jirani. Nikasema moyoni, huyu mama ataelewaje mambo ya bloku? Mtu asiyejua kwamba ndama yupo, umemwibia nini?

"Bado, shangazi."

"Haya. Happy anasubiri majibu ya chuo cha uuguzi. Tumuombee."

"Tumuombee."

Nikakata simu nikaanza kutafuta mteja wa ndama.

Nikatangaza kwenye kundi: "Nauza Pana 300, bei maelewano." Ulezi77 huyo, hata dakika mbili hazijapita:

"Jamani, msihamishe Pana sasa hivi. Waliotengeneza Pana hawakuweka alama ya kuitofautisha na Tavo. Hati unayosaini kuhamisha Pana inakubalika na daftari la Tavo pia. Mtu akiichukua akaipeleka upande wa pili, Tavo zako zinaondoka vilevile. Subirini wiki mbili, programu ya kutenganisha inakuja."

Nikaandika, na ninaomba radhi kwa wazazi wote wanaosoma: "Wewe Ulezi kaa kwenye gunia. Watu wazima wanaongea."

Nikapata vicheko kumi na vinne. Nilivihesabu.

Kesho yake Faridu akanitafuta. Faridu ni mbadilisha fedha pale Sirari, ana kimeza chake karibu na mpaka, anabadilisha shilingi za Kenya na za kwetu, na siku hizi anahangaika na sarafu za mtandaoni pia. Akasema ana mteja wa Pana.

Alhamisi asubuhi nikawa Sirari.

"Prof wa Tarime! Niaje?" Faridu akanivutia kiti. "Mteja anatoa laki tatu na themanini."

"Fanya laki nne."

"Prof, mteja amesema bei ni moja. Take it au uache."

Nikaona nisimpoteze mteja. Nikaelekeza simu kwenye picha ya anwani aliyonionyesha, nikaandika 300, nikabonyeza kusaini. Faridu akanihesabia noti, akanitazama kwa huruma fulani hivi ambayo sikuielewa.

"Una uhakika mzigo ni wako, Prof?"

"Wa nani mwingine?"

"Nauliza tu. Sisi hapa tunabadilisha, hatuli mtu."

Nikatoka hapo moja kwa moja mpaka duka la mashine pale pale Sirari, nikanunua printa ya rangi iliyotumika kidogo, laki tatu na nusu. Nikaingia hotelini, nikaagiza sangara mzima. Printa nikaiweka kwenye kiti cha mbele yangu kama mgeni rasmi.

Nikafungua simu nimwangalie ng'ombe mama, nimpongeze.

Tavo Pana: 0. Sawa.

Tavo: 0.

Nikazima simu, nikaiwasha. Sifuri. Nikasogea mlangoni nikidhani ni mtandao wa Kenya unaniingilia. Sifuri.

Tavo zangu mia tatu, za shangazi namaanisha, zilikuwa zimehama dakika arobaini zilizopita. Anwani zilikokwenda ni ile ile niliyoipelekea Pana.

Ulezi77 alisema kweli. Nilisaini hati moja, ikafungua mazizi mawili.

Sangara sikumgusa. Nilikimbia mpaka kwa Faridu nimekumbatia printa.

"Faridu, nirudishie! Mama naye amekuja huko!"

"Mama gani?"

"Tavo zangu! Zimefuata Pana!"

Akainua mikono. "Prof, mimi ni daraja tu. Anwani ni ya mteja."

"Mteja ni nani?"

"Siri ya mteja ni amana. Lakini nitamfikishia salamu."

Hapo simu yangu ikaita. Wewe umeshajua ni nani.

"Mura! Happy amepata chuo! Anaripoti Jumatatu. Kesho tunakuja kumchukua ng'ombe."

Nikasema hongera. 

Sikupata uongo wa kunitosha. Nilifikiria kusema simu imeanguka chooni. Nikafikiria kusema serikali imefunga mtandao. Nikafikiria kukimbilia Kenya, ila nilikuwa na elfu thelathini na deni la sangara.

Ijumaa saa tano shangazi akaingia dukani. Nyuma yake Happy, kabeba tranka jipya la bati la bluu, jina lake limepakwa kwa rangi nyeupe: HAPPY. Printa nilikuwa nimeifunika kwa shuka.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Ng'ombe yuko wapi?"

Nilifungua mdomo kusema mtandao unasumbua. Macho yakaangukia lile tranka. Rangi haikuwa imekauka vizuri, herufi ya mwisho ilikuwa imechuruzika kidogo. Mtoto alikuwa ameiandika mwenyewe kwa haraka ya furaha.

Nikashindwa.

Nilikaa chini kwenye sakafu ya duka langu, mimi Prof, nikalia. Mteja aliyekuja kutoa kopi ya cheti cha kuzaliwa akarudi nyuma taratibu.

"Shangazi, alizaa. Jumanne ile uliyonipigia, alikuwa ameshazaa. Nikakuficha. Nikamuuza ndama Sirari. Mama yake akamfuata. Nimewaibia wewe na Happy. Sina hata cha kuwarudishia."



"Ulimuuza ngapi?" shangazi akauliza.

"Laki tatu na themanini."

Shangazi akamgeukia binti yake. "Ulisema kweli. Hata kupatana bei hajui."

Nikainua kichwa.

Happy akatoa simu yake, akanisogezea usoni.

Tavo: 300.

Tavo Pana: 300.

"Kaka Nchagwa," akasema kwa sauti ile yake ya upole, "mimi ndiye Ulezi77."

Ungenichoma kisu usingepata damu.

Ulezi! Mama yake analima nini? Anauza nini mpaka Sirari? Na mimi nimembishia miezi yote nikidhani ni kijana wa Dar!

"Nilikuonya mbele ya watu," Happy akaendelea. "Ukaniambia nikae kwenye gunia."

"Happy, nisamehe."

"Ulipotangaza unauza Pana, nikajua ndama yuko sokoni na mama hana habari. Faridu ananunuaga ulezi wetu, tukamwomba asimame katikati. Hati yako ilipofika, nikaichukua nikaipeleka kwenye daftari la Tavo. Nilimwita ng'ombe mama kabla mtu mwingine hajamwita. Mtandaoni kila mtu aliweza kuiona ile hati, kaka. Ningechelewa, sasa hivi ng'ombe angekuwa Ulaya."

Nililia tena, safari hii kwa furaha. Ng'ombe alikuwa nyumbani kwao. Chuo kipo. Nikataka kumkumbatia shangazi.

Akanizuia kwa kidole kimoja.

"Bado. Zile laki tatu na themanini ni hela ya ulezi wangu. Nimemnunua ndama wangu mwenyewe, kwa mtunzaji wangu mwenyewe. Umeshasikia wapi kitu hicho?"

"Sijasikia, shangazi."

"Ile Jumanne Happy aliniambia daftari limepasuka. Nikakupigia makusudi. Nilitaka useme tu 'amezaa'. Ungesema, ndama ningekuachia ununue ile mashine uliyoniambia unaitaka. Nilishamwambia Happy hivyo."

Nikamtazama Happy nikitumaini atakataa. Akaitikia kwa kichwa kwamba ni kweli.

Hapo ndipo niliumia hasa. Kuibiwa kunauma. Lakini mimi nilikuwa nimeiba kitu ambacho nilikuwa napewa.

Shangazi akaenda kwenye kona, akafunua shuka.

"Hii ndiyo hela yangu?"

"Ndiyo hiyo."

Akaizunguka printa mara mbili, akaigonga ubavuni kama mtu anayekagua jike mnadani.

"Haya. Hii sasa ni ng'ombe wangu. Wewe ni mtunzaji. Kopi nyeusi ni maziwa, kunywa. Kila karatasi itakayotoka na rangi ni ndama. Ndama ni wa nani?"

"Wa mwenye ng'ombe, shangazi."

"Anakwenda kwa nani?"

"Kwa Happy, chuoni."

Wakauza Tavo za kutosha, ada ya chuo ikalipwa, Jumatatu Happy akaripoti. Pana wamemwacha ndama akue, siulizi wala sigusi.

Nimejifunza nini? Mengi ya bloku na madaftari, ambayo sasa nawaeleza wateja bure wakisubiri kopi. Lakini kubwa ni hili, nawe ulishike: ukimficha mwenye mali, usidhani hajui. Mtu akikuuliza swali siku ambayo huwa hakuulizi, jibu lake analo tayari. Anachotafuta ni wewe uko upande gani.

Sasa hivi shangazi hapigi mwisho wa mwezi. Anapiga kila Jumamosi.

"Mura, ng'ombe wangu amezaa?"

"Amezaa, shangazi. Ndama arobaini na mmoja."

Halafu namsikia Happy kwenye laini, maana siku hizi wananipigia wote wawili pamoja, anasema kwa upole:

"Kaka, fungua sehemu ya taarifa za mashine. Printa inahesabu yenyewe. Tusomee hiyo namba."

Ni arobaini na tatu. Mbili nilitoa za kujaribu wino, naapa.